Taa Ndani ya Upanga: Marudio ya Saketi, Uakisi Kamili wa Ndani na Diodi

Mada tatu zinakutana katika sura hii: kanuni ya Ohm, uakisi kamili wa ndani, na diodi. Umezisoma katika vidato tofauti, pengine kwa walimu tofauti, na ndiyo maana watahiniwa wengi huzijua moja moja lakini hukwama swali linapozichanganya. Hapa tutazichanganya kwa makusudi, na chombo cha kuzichanganyia ni upanga wa plastiki wa bei rahisi, wa aina inayouzwa kama nakala ya silaha za kwenye filamu.

Karatasi yako ya mtihani itakuwa kwa Kiingereza. Lengo la sura hii ni uelewe. Namba, alama na vizio havibadiliki lugha.

Kazi yenyewe

Katika hadithi za J.R.R. Tolkien, yaani The Hobbit (1937) na The Lord of the Rings (1954 hadi 1955), kuna upanga mfupi uitwao Sting. Ulifuliwa na viumbe waitwao Elves, ukaokotwa na Bilbo, kisha ukarithiwa na Frodo. Sifa yake ni moja: maadui waitwao Orc wakikaribia, bapa lake hutoa mwanga wa bluu. Filamu ya kwanza ya Peter Jackson kuhusu hadithi hiyo ilipotoka mwaka 2001, nakala za upanga huo zikaanza kuuzwa, kuanzia zile za chuma za bei kali hadi za plastiki za watoto. Baadhi ya zile za plastiki hazitoi mwanga wowote.

Tuseme umepewa mmoja wa plastiki. Mpini wake una uwazi ndani, na bapa lina urefu wa sentimita 50. Unatakiwa uufanye ung'ae bluu kuanzia kwenye mpini hadi kwenye ncha, uwekwe juu ya kabati la maktaba siku ya maonyesho ya sayansi, na uwake kutwa nzima bila kuungua, bila kufifia na bila kumdhuru mtoto wa kidato cha kwanza atakayeushika. Maneno haya ya mwisho ndiyo magumu. Kuwasha taa kwa dakika moja anaweza yeyote. Kuiwasha kutwa nzima ndani ya plastiki iliyofungwa kunahitaji hesabu.

Kwa nini rangi ya bluu inadai volti nyingi

Chukua betri mbili za tochi, kila moja volti 1.5, uziunge kwa mfuatano. Unapata volti 3.0. Unga LED nyekundu pamoja na kikinza chake, itawaka vizuri. Badilisha uweke LED ya bluu. Itawaka kwa unyonge, na betri zikichoka kidogo tu haiwaki kabisa. Betri ni zilezile na waya ni zilezile. Kilichobadilika ni nini?

Jibu liko kwenye diodi yenyewe. LED ni kiungo cha nusu-kipitishi cha aina mbili, p na n. Elektroni inapovuka kiungo na kuangukia kwenye tundu, hupoteza nishati, na nishati hiyo hutoka kama fotoni moja. Rangi ya mwanga inategemea ukubwa wa nishati hiyo:

E = hc/λ

Tumia h = 6.63 × 10⁻³⁴ J s na c = 3.0 × 10⁸ m/s. Kwa LED nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 630:

E = (6.63 × 10⁻³⁴ × 3.0 × 10⁸) ÷ (630 × 10⁻⁹) = 3.16 × 10⁻¹⁹ J

Gawanya kwa chaji ya elektroni, 1.6 × 10⁻¹⁹ C, utapata takribani 1.97. Maana yake kila elektroni inahitaji kusukumwa na volti karibu 2 ili itoe fotoni nyekundu. Kwa bluu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 470:

E = (6.63 × 10⁻³⁴ × 3.0 × 10⁸) ÷ (470 × 10⁻⁹) = 4.23 × 10⁻¹⁹ J

Ukigawanya tena unapata 2.64. Hicho ni kiwango cha chini. Ili LED ya bluu iwake kwa nguvu yake ya kawaida, miliampea 20, volteji kati ya miguu yake huwa karibu volti 3.2. Betri mbili zina volti 3.0. Sasa unaona kwa nini zinashindwa.

Pengo hili la nishati liliwasumbua wanasayansi pia. LED nyekundu ilipatikana miaka ya 1960, lakini bluu yenye mwanga mkali ilichelewa hadi miaka ya 1990, kwa sababu kupata fuwele safi za nusu-kipitishi chenye pengo kubwa kiasi hicho kulikuwa kazi ngumu mno. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Kama unajiuliza tuzo kubwa namna ile kwa taa ndogo ni ya nini, fungua tochi yako ya LED. Taa nyeupe unayoiona humo ni LED ya bluu iliyofunikwa kwa unga wa njano. Sehemu ya bluu hugonga unga huo ukatoa mwanga wa njano, na bluu iliyobaki ikichanganyika na njano, jicho linaona nyeupe. Bila ya bluu tusingekuwa na taa hizi nyeupe zinazowaka sasa kwenye nyumba zetu.

Faida ya kulijua hilo ni ya vitendo. Ukikosa LED ya bluu kwa fundi redio, nyofoa nyeupe kutoka kwenye tochi mbovu na uweke kipande cha plastiki angavu ya bluu mbele yake. Volteji yake ni karibu ileile, hivyo hesabu zinazofuata hazibadiliki. Mwanga utapungua, kwa kuwa kichujio cha bluu hufyonza rangi nyingine.

Kikinza: hapa ndipo alama hupotea

Tutumie betri tatu kwa mfuatano: 3 × 1.5 = volti 4.5. LED inataka volti 3.2 na miliampea 20. Tukiiunga moja kwa moja, mkondo utapita kiasi. LED haifanyi kazi kama waya wa kawaida, ambao volteji ikiongezeka kwa sehemu moja ya kumi, mkondo nao huongezeka kwa sehemu moja ya kumi. Kwa diodi, volteji ikiongezeka kidogo tu juu ya kiwango chake, mkondo hupanda kwa kasi kubwa. Ndiyo sababu mchoro wake wa mkondo dhidi ya volteji umepinda, na swali la kueleza mchoro huo hupenda kuja.

Kwa hiyo tunaweka kikinza kwa mfuatano na LED ili kibebe volti za ziada.

Mfano wa 1. Tafuta ukinzani unaofaa.

Volteji ya kikinza = 4.5 − 3.2 = 1.3 V
R = V/I = 1.3 ÷ 0.020 = 65 Ω

Kikinza cha omu 65 hukipati dukani kirahisi, kwa sababu vikinza hutengenezwa kwa namba maalumu. Cha jirani, kilicho juu kidogo, ni cha omu 68 (mistari ya rangi: bluu, kijivu, nyeusi, kisha mstari wa usahihi). Chagua cha juu kila mara, maana cha chini kitaruhusu mkondo uzidi. Ukiwa na omu 68:

I = 1.3 ÷ 68 = 0.0191 A, yaani miliampea 19.1

Nguvu inayogeuka joto kwenye kikinza: P = VI = 1.3 × 0.0191 = 0.025 W. Kikinza kidogo kabisa cha robo wati kinatosha mara kumi.

Sasa kosa ninalolikuta katika madaftari kila mwaka. Mwanafunzi anaandika R = 4.5 ÷ 0.020 = 225 Ω. Amechukua volti zote za betri na kuzipa kikinza, kana kwamba LED haipo. Kanuni ya Ohm ameikumbuka vizuri. Alichosahau ni kwamba V katika kanuni hiyo ni volteji ya kitu kinachohesabiwa, si ya saketi nzima. Upanga wake hautaungua, lakini mkondo utakuwa 1.3 ÷ 225, yaani karibu miliampea 5.8, chini ya theluthi ya uliokusudiwa. Atauweka kabatini na watu watauliza kama umezimwa.

Kosa hili lina dawa moja: kabla ya kugawanya, chora saketi na uandike volteji ya kila kifaa pembeni yake. Jumla yao lazima iwe 4.5. Isipokuwa hivyo, usiendelee.

Jambo la kupita nalo haraka: LED ina upande. Mguu mrefu ni anodi, huunganishwa upande wa chanya. Mguu mfupi, wenye ukingo bapa kwenye ganda, ni kathodi. Ukigeuza haiwaki. Usidhani imekufa.

Taa tatu, vikinza vitatu

LED moja haitoshi kwa bapa la sentimita 50, kwa hiyo tutaweka tatu. Zikiwa kwa mfuatano zitahitaji 3 × 3.2 = volti 9.6, na betri zetu zina 4.5 tu. Hazitawaka. Tunaziunga sambamba.

Wengi hapa hutaka kuokoa kikinza: waunge LED zote tatu sambamba, kisha kikinza kimoja kwa zote. Kwenye karatasi inaonekana sawa. Kwa vitendo, LED tatu za pakiti moja hazilingani kabisa. Moja itahitaji volti 3.1, nyingine 3.2, nyingine 3.3. Zikiunganishwa sambamba lazima zote ziwe na volteji moja, na kwa kuwa mkondo wa diodi hupanda kwa kasi, ile ya 3.1 hunyakua sehemu kubwa ya mkondo. Inapata joto, na joto huishusha zaidi volteji inayohitaji, basi inanyakua tena. Ikifa, mkondo wote unahamia kwa mbili zilizobaki. Kikinza kwa kila LED kinakata mzunguko huo, kwa sababu kila tawi linajidhibiti lenyewe. Kikinza ni kitu cha bei ndogo sana. Usibane hapo.

Mkondo wote kutoka kwenye betri: 3 × 19.1 = miliampea 57.3.

Kama betri zako zimeandikwa uwezo wa miliampea-saa 2000, makadirio ya muda ni 2000 ÷ 57.3, karibu saa 35. (Betri za mfuatano haziongezi miliampea-saa, zinaongeza volti. Ukizidisha 2000 kwa 3 umekosea.)

Lakini usiamini saa 35 hizo. Volteji ya betri hushuka kadiri inavyotumika. Tuseme kila betri imeshuka hadi volti 1.2, jumla 3.6. Tukichukulia LED bado inashika 3.2:

I = (3.6 − 3.2) ÷ 68 = 0.0059 A

Volteji imepungua kwa asilimia 20, mkondo umepungua kwa karibu asilimia 69. Hii ndiyo sababu upanga unaowaka vizuri saa tatu asubuhi huweza kuwa hoi kabla maonyesho hayajaisha. Tutarudi hapo baada ya kushughulikia bapa.

Mwanga usafiri ndani ya bapa

LED zote tatu ziko ndani ya mpini. Tutaufikishaje mwanga kwenye ncha? Unaweza kupanga LED nyingi kwenye bapa lote, na wapo wanaofanya hivyo, lakini jicho litaona nukta nukta kama taa za sikukuu, na umeme utakaotumika ni mwingi. Njia bora ni kuuongoza mwanga.

Chukua kipande cha akriliki, ile plastiki ngumu angavu wanayotumia mafundi wa mabango, chenye unene wa milimita 5, upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 50. Chonga mfereji katikati ya bapa la upanga ukilaze humo. Ukingo mmoja wa akriliki, uliosawazishwa vizuri, unaelekea kwenye LED.

Kipimo cha upindaji cha akriliki ni n = 1.49. Pembe kikomo, C, kati ya akriliki na hewa:

sin C = 1/n = 1 ÷ 1.49 = 0.671, hivyo C = 42.2°

Mfano wa 2. Onyesha kwamba mwale wowote unaoingia kupitia ukingo ulionyooka hauwezi kutokea ubavuni.

Mwale mbaya kuliko yote ni ule unaoingia ukiwa umelala kabisa, pembe ya kuingia karibu 90°. Kwa kanuni ya Snell:

sin 90° = 1.49 × sin r, hivyo r = 42.2°

Kwa hiyo ndani ya akriliki hakuna mwale ulioinama zaidi ya 42.2° kutoka kwenye mhimili wa kipande. Mwale huo ukifika ubavuni, pembe yake dhidi ya mstari wa kati wa ubavu (mstari uliosimama wima juu ya uso) ni 90° − 42.2° = 47.8°. Hiyo ni kubwa kuliko 42.2°. Uakisi kamili wa ndani unatokea. Na kama mwale mbaya kuliko yote unaakisiwa, mingine yote inaakisiwa pia.

Soma tena mfano huo polepole. Ndani yake kuna namna ya kufikiri inayolipa katika mtihani: ukitaka kuthibitisha jambo kwa miale yote, tafuta ule wenye hali mbaya kupita yote, uuthibitishe huo.

Sasa tumepata tatizo la kuchekesha. Mwanga umenaswa vizuri mno. Unaingia kwenye mpini, unakwenda hadi ncha, unatokea kwenye ncha peke yake, na bapa lote limebaki giza. Tunataka uvuje kidogo kidogo njiani. Njia ni kuukwaruza uso wa nyuma wa akriliki kwa msasa au ncha ya bikari. Kila mkwaruzo ni uso mdogo ulioinama kwa pembe nyingine. Mwale ukiugonga, pembe yake huweza kuwa chini ya 42.2°, au mwale ukatupwa kuelekea mbele na kutokea upande wa pili. Popote palipokwaruzwa pataonekana panang'aa, na pasipokwaruzwa patabaki angavu kama kioo. Ukichora herufi za mapambo kwa ncha ya bikari, zitawaka peke yake.

Ukikwaruza kwa kiwango kilekile kuanzia mwanzo hadi mwisho, sehemu ya karibu na mpini itang'aa sana na ncha itakuwa hafifu, kwa kuwa mwanga mwingi umeshavuja kabla ya kufika. Kwaruza kidogo karibu na mpini, ongeza kadiri unavyokwenda kwenye ncha. Skrini nyingi za televisheni na simu zenye taa pembeni hutumia wazo hilohilo: nukta za kutawanya mwanga hupangwa chache karibu na taa na nyingi mbali nayo.

Na gundi? Hapa kuna mtego. Ukimwaga gundi angavu kwenye mfereji wote ili kushikiza akriliki, mwanga utapotea hata kama hukukwaruza chochote. Pembe kikomo tuliyoihesabu ni ya mpaka wa akriliki na hewa. Gundi nyingi angavu zina kipimo cha upindaji kinachokaribia 1.5, sawa na akriliki yenyewe, basi mwale haukuti mpaka wowote wa kuuakisi. Unapita kwenye gundi na kuishia kwenye plastiki nyeusi ya upanga. Shikiza akriliki kwenye ncha zake mbili tu. Nyuma yake tandika karatasi ya alumini bila kuigandisha, ibaki na hewa katikati, irudishe mbele mwanga unaovujia nyuma.

Chanzo cha umeme cha kabatini

Upanga wa kushikwa jukwaani unahitaji betri. Wa kabatini hauhitaji, na kwa maoni yangu betri ni uamuzi mbaya kwa kazi hii, kwa sababu tuliyoiona: mwanga unafifia siku inavyokwenda. Chaja ya simu ya volti 5 hutoa volteji isiyoshuka. Hesabu upya kikinza:

R = (5.0 − 3.2) ÷ 0.020 = 90 Ω

Tumia omu 100 (kahawia, nyeusi, kahawia). I = 1.8 ÷ 100 = miliampea 18 kwa kila LED, miliampea 54 kwa zote. Usiache vile vya omu 68 ulivyoweka mwanzo: 1.8 ÷ 68 ni zaidi ya miliampea 26, na LED zitakufa kabla ya wakati wake.

Pawabenki nyingi hazifai, japo zina volti 5 zilezile. Hutazama mkondo unaotoka, na ukiwa mdogo kama miliampea 54 hudhani simu imejaa, zikajizima.

Mkondo mfupi ndani ya mpini

Sehemu hii isome hata kama hutatengeneza upanga wowote.

Waya zilizomenywa zikigusana ndani ya mpini, mkondo unaruka LED na vikinza na kurudi moja kwa moja kwenye betri. Kinachobaki kuuzuia ni ukinzani wa ndani wa betri zenyewe. Tuchukulie kila betri ya tochi ina ukinzani wa ndani wa omu 0.2. Kwa tatu, omu 0.6:

I = 4.5 ÷ 0.6 = 7.5 A

Linganisha na miliampea 57.3 za kawaida: ni zaidi ya mara 130. Nguvu inayogeuka joto ni 4.5 × 7.5, karibu wati 34, na yote inatokea ndani ya mpini wa plastiki uliofungwa skrubu. Kabla ya kufunga ilikuwa robo wati.

Betri za lithiamu zilizochomolewa kwenye simu mbovu ni hatari zaidi. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo, kwa hiyo mkondo wa ajali ni mkubwa. Kimiminika chake kinashika moto. Na ikitobolewa au ikikunjwa huweza kulipuka kwa moto usiozimika kirahisi. Wapo watakaokuambia kwamba ni ya bure na inaingia vizuri kwenye mpini. Kwa kifaa kitakachoshikwa na watoto, jibu ni hapana.

Basi kila kiungo ulicholehemu kifunike kwa utepe wa umeme kivyake, chanya mbali na hasi. Lehemu mahali penye hewa. Weka fyuzi ndogo au angalau swichi karibu na chanzo, si mwishoni mwa waya. Kabla ya kufunga mpini, weka multimita kwenye kipimo cha omu, chanzo kikiwa kimechomolewa, upime kati ya waya ya chanya na ya hasi. Ikisoma karibu na sifuri, waya zinagusana mahali. Usiunge umeme hadi upate ni wapi.

Maswali

1. LED nyekundu inahitaji volti 2.0 na mkondo usiozidi miliampea 15. Chanzo ni volti 4.5. Dukani kuna vikinza vya omu 150 na 180. Kipi utachagua? Onyesha hesabu.

2. Mwanafunzi anatumia chaja ya volti 12 na LED tatu za bluu kwa mfuatano, kila moja volti 3.2 na miliampea 20. (a) Tafuta ukinzani na nguvu ya kikinza. (b) LED moja ikikatika, nini kinatokea kwa nyingine, na kwa nini?

3. Badala ya akriliki, mtu anapendekeza mrija uliojaa maji, n = 1.33, wenye kuta nyembamba za kupuuza. Kwa kutumia mbinu ya Mfano wa 2, onyesha kama miale yote itabaki ndani.

4. Tochi ndogo za kwenye vishikio vya funguo huwasha LED ya bluu au nyeupe kwa betri bapa ya volti 3, bila kikinza chochote, na haziungui. Eleza.

5. Upanga wa volti 5 na miliampea 54 unawaka saa 24 kwa siku 30. Tafuta nishati kwa kilowati-saa, ukipuuza upotevu ndani ya chaja.

Majibu

1. R = 2.5 ÷ 0.015 = 166.7 Ω. Cha omu 150 kinatoa miliampea 16.7, zaidi ya kikomo. Chagua 180, kinachotoa miliampea 13.9.

2. (a) 12 − 9.6 = 2.4 V; R = 2.4 ÷ 0.020 = 120 Ω; P = 2.4 × 0.020 = 0.048 W. (b) Zote huzima, kwa kuwa njia ya mkondo ni moja na imekatika.

3. sin C = 1 ÷ 1.33 = 0.752, C = 48.8°. Mwale mbaya kuliko yote huingia kwa r = 48.8° na kugonga ubavu kwa 90° − 48.8° = 41.2°, ambayo ni ndogo kuliko 48.8°. Baadhi ya miale itatoka.

4. Volti 3 iko chini kidogo ya 3.2, na betri bapa ina ukinzani mkubwa wa ndani. Ukinzani huo unafanya kazi ya kikinza.

5. P = 5 × 0.054 = 0.27 W; muda = saa 720; nishati = 0.27 × 720 = 194.4 Wh, yaani karibu kilowati-saa 0.19.